Laana ya ukoo: tuanze na Otranto, Usher, Pyncheon au Baskerville?

MsomajiWaUsiku:
Habari za jioni wadau. Tuko watu wanne tunaosoma kitabu kimoja kwa mwezi kisha tunakaa kukijadili, na safari hii zamu ya kuchagua ni yangu. Nataka hadithi ya kutisha ya jumba la zamani, yenye siri ya ukoo na laana ya kurithishana. Nimebaki na nne: The Castle of Otranto ya Horace Walpole (1764), The Fall of the House of Usher ya Edgar Allan Poe (1839), The House of the Seven Gables ya Nathaniel Hawthorne (1851), yaani ile ya ukoo wa Pyncheon, na The Hound of the Baskervilles ya Arthur Conan Doyle (1902). Zote hakimiliki zake zimekwisha muda, kwa hiyo kuzipata si tatizo.

Sharti langu ni moja: laana iwe na asili. Nimechoka na mizimu inayotokea kwa sababu tu nyumba ni kuukuu. Nataka nijue babu alifanya nini, alimfanyia nani, na kwa nini mjukuu asiyejua lolote ndiye anayelipa. Tafadhali msinitobolee mwisho.

Bi Kurasa:
Mwanangu, anza na Otranto, ndiko yote yalikotoka. Kurasa za mwanzo kabisa, siku ya harusi, bwana harusi anakutwa uani amepondwapondwa na kofia ya chuma ya vita, kubwa mara mia kuliko kofia yoyote iliyotengenezewa binadamu, ina manyoya meusi juu yake. Hakuna anayejua imetoka wapi. Baba mtu, Manfred, anajua jambo moja tu: upo unabii wa kale kwamba ngome itautoka ukoo wake siku mwenyewe halisi atakapokuwa mkubwa mno kukaa ndani yake. Hapo ujue kuna mali ya watu.

Na Walpole mwenyewe alijificha. Toleo la kwanza alilitoa kama tafsiri ya kitabu cha kale cha Kiitaliano. Lilipopendwa, katika toleo la pili la 1765 akakiri kuwa ni lake na akaliita hadithi ya kigothi, jina ambalo aina hii ya visa vya kutisha vya majumba ya kale inalo hadi leo. Kwenye dibaji ile ya kwanza anasema wazi funzo la kitabu: maovu ya baba hupatilizwa kwa wana hata kizazi cha tatu na cha nne. Halafu anaongeza kwamba angependa lingekuwa funzo lenye manufaa zaidi. Sentensi hiyo mimi imenikaa miaka.

Kinyonga:
Namheshimu Bi Kurasa, lakini Otranto ni ya kusoma ukishaipenda aina hii. Ukianza nayo, watu watatu kati ya wanne watakukimbia. Watumishi wanaropoka kurasa nzima huku bwana wao akisubiri jibu la neno moja.

Mimi nasema Usher. Unaimaliza kwa kikao kimoja. Kuna ule ufa mwembamba ukutani, unaanzia paani, unashuka kwa kupindapinda mpaka unapotelea kwenye maji meusi ya ziwa. Msimulizi anauona siku anayofika, anaupita, na wewe msomaji huwezi kuusahau tena. Ukoo wenyewe haujawahi kutoa tawi la kudumu, ni baba kwa mwana tu tangu zamani, hadi watu wa pale wakisema "nyumba ya Usher" wanamaanisha jengo na damu kwa pamoja.

Ila nikiri: sharti lako haitimizi. Poe hakwambii Wausher walimkosea nani. Unaiona adhabu, kosa huoneshwi.

Mzee wa Rafu:
Kama kosa ndilo unalolitafuta, nenda kwa Baskerville. Linaletwa mbele yako kwa maandishi: hati ya mwaka 1742 inasomwa kwa sauti mbele ya Sherlock Holmes. Sir Hugo, babu wa ukoo wa Baskerville, alimteka binti wa mkulima jirani, akamfungia chumba cha juu, yeye akashuka kunywa na wenzake. Binti akateremka kwa kushika mitambaazi ya ukutani akakimbilia nyikani, alikofia. Hugo akaapa kuzitoa roho na mwili wake kwa nguvu za giza usiku uleule iwapo tu atamkamata. Tangu hapo ukoo unaandamwa na mbwa.

Taharuki yake haina mpinzani kati ya hizi nne. Ilitoka kwa vipande katika jarida la The Strand kuanzia 1901, na unaona kila kipande kilivyokatwa pale moyo unapodunda.

Jambo moja linaniuma kila nikirudia. Yule binti hana jina. Laana nzima imesimama juu ya kifo chake, na kitabu kizima hakuna anayeuliza alikuwa nani wala wazazi wake waliishia wapi.

Nuru ya Kibatari:
Mzee wangu, hapo ndipo Hawthorne anapowazidi wote. Kwake aliyedhulumiwa ana jina, ana kiwanja, ana mtoto.

Matthew Maule ana kipande kidogo cha ardhi chenye chemchemi ya maji matamu. Kanali Pyncheon anakitaka. Maule anashtakiwa uchawi, ananyongwa, na akiwa na kitanzi shingoni anamnyooshea kidole Kanali aliyekuja kutazama akiwa juu ya farasi: Mungu atamnywesha damu. Kanali anajenga jumba palepale, na fundi mkuu anayemwajiri ni mwana wa Maule. Fikiria huyo kijana anavyopima mbao. Siku ya karamu ya kuingia nyumba wageni wamejaa, mwenyeji haonekani. Wanafungua mlango wa chumba chake, yumo kitini, kimya, damu kwenye ndevu na kola. Chemchemi nayo maji yake yameharibika.

Mwandishi alikuwa anaandika habari za kwao. Hawthorne ni kilembwe wa John Hathorne, mmoja wa mahakimu wa kesi za uchawi za Salem, Marekani, za 1692, ambako watu 19 walinyongwa. Na neno lile la kunyweshwa damu linafanana na lile ambalo inasimuliwa Sarah Good alimwambia mchungaji Nicholas Noyes kabla ya kunyongwa. Ndiyo maana hiki hakisomeki kama kisa cha kubuni mezani.

Kinyonga:
Dada Nuru, mwendo wake je? Nakumbuka sura nzima bibi kizee anajiandaa tu kufungua duka.

Nuru ya Kibatari:
Ni kweli, ni cha polepole, na Hepzibah anachukua muda. Lakini mwangalie vizuri. Ni wa mwisho mwisho wa ukoo uliopora kiwanja, hana kitu, na kengele ya mlango wa duka ikilia anashtuka mwili mzima kwa sababu ni lazima atoke akamhudumie mtu kwa senti. Hakumnyonga mtu yeyote. Yeye karithi jumba na aibu yake. Kwangu laana imekaa humo zaidi ya kwenye ile damu.

MsomajiWaUsiku:
Asanteni sana. Hilo la fundi kupima mbao limenimaliza. Nitachukua Pyncheon iwe ya mwezi, na Usher tuisome kwa pamoja kikao cha kwanza. Baskerville inafuata, nikamtafute yule binti wa Mzee wa Rafu.

Nuru ya Kibatari:
Basi sura ya 18 ya Pyncheon msiiruke, na msimruhusu mtu kuisoma akiwa kwenye basi. Sitaji ni nani. Mtu amekaa peke yake kitini, saa ya mfukoni mkononi, na msimulizi anamsemesha usiku kucha akimhimiza aamke, ana miadi. Saa inalia, inalia, kisha inasimama kwa kukosa kutiwa ufunguo. Kukipambazuka inzi anatua kwenye paji la uso, anapita puani, anaelekea kwenye macho yaliyo wazi.

Someni kwa sauti, mmoja asome, watatu mfumbe macho.