Meno ya mtoto yalitibiwa yote, sasa yanaoza tena. Hii iodini ya kupaka inasaidia kweli?

BabaNeema
Wakuu habari za jioni. Naombeni msaada hasa kwa madaktari wa meno waliomo humu.

Binti yangu ana miaka mitatu na nusu. Mwaka jana meno ya mbele ya juu yote manne yalioza na magego kadhaa, tukaambiwa hawezi kutulia kwenye kiti achomwe ganzi kwahiyo akalazwa nusu kaputi, mengine yakang'olewa mengine yakazibwa, hela iliyotoka hapo naomba nisiitaje maana mpaka leo nadaiwa. Tukajua tumemaliza. Juzi mama yake anampigisha mswaki anaona gego ambalo lilikuwa zima kabisa lina weupe weupe kama chokaa karibu na fizi, na lingine la nyuma limeanza kakitundu. Yaani tunarudi kule kule.

Daktari mwingine tuliyempata hapa Arusha anasema atakuwa anampaka iodini kwenye meno kila baada ya miezi miwili mitatu ili kuua wadudu, halafu juu yake anapaka vanishi ya floraidi, dawa ya kuganda kwenye jino ya kuliimarisha. Sasa iodini si ile ya kusafishia vidonda? Akimeza je? Na floraidi ndio kabisa sielewi, sisi huku maji yana floraidi mpaka watu wana meno ya kahawia, halafu nimuongezee nyingine? Mama mkwe yeye anasema ng'oeni yote si ya utoto hayo, yataota mengine. Mnashaurije?

Mzee_wa_Kijiwe
Mkuu msikilize mama mkwe. Sisi tumekua meno yameoza na tukaota mengine safi tu, hizi klinki za siku hizi ni biashara.

TabibuGego
Mimi ni tabibu wa meno, nijibu kidogo.

Kwanza hiyo ya kung'oa yote naomba iishie hapo hapo. Magego ya utoto yanatakiwa yakae mdomoni mpaka mtoto ana miaka kumi hadi kumi na mbili hivi, ukiyatoa akiwa na mitatu atatafunia nini miaka yote hiyo, na meno ya jirani yanasogea kujaza nafasi, ya ukubwani yakija hayana pa kupita yanaota yamepandana. Halafu gego la kwanza la ukubwani linaota kwenye miaka sita nyuma kabisa ya haya ya utoto, halisubiri jino lolote ling'oke, wazazi wengi wanadhani nalo ni la utoto wanaliacha linaoza. Likikuta mdomo umejaa wadudu wale wale linaanza kuoza hata halijamaliza kuchomoza.

Sasa BabaNeema, kilichokupata sio ajabu. Watoto wengi waliotibiwa meno yote kwa nusu kaputi wanarudi na matundu mapya ndani ya mwaka mmoja au miwili, hata huko nchi zilizoendelea wanalalamika hivyo hivyo. Sababu ni kwamba kuziba kunafunga shimo tu, ugonjwa wenyewe unabaki. Wale bakteria, hasa jamii ya streptokoka mutansi, bado wako kwenye utando wa meno na kwenye mate, wakipewa sukari wanatengeneza asidi na asidi ndio inakula jino. Hapo ndipo wazo la iodini lilipotoka.

Huko Puerto Rico mwishoni mwa miaka ya 1990 walichukua watoto wadogo kabisa waliokuwa kwenye hatari kubwa, wakawapaka povidoni iodini (dawa iliyomo kwenye Betadine) ya asilimia 10 kila baada ya miezi miwili, waliopakwa wakapata dalili za kuoza wachache kuliko wasiopakwa. Visiwa vya Marshall nao walipaka iodini pamoja na vanishi ya floraidi kwa watoto ambao magego ya kwanza ya ukubwani ndio yanachomoza, ikafanya vizuri kuliko vanishi peke yake. Kwahiyo daktari wako hajaota tu usiku, ana pa kusimamia.

Ila nisikupambe. Tafiti zenyewe nyingi ni za watoto wachache, na pale walipopaka mara moja tu siku ile ya nusu kaputi halafu basi, wadudu walipungua kwa muda wakarudi. Iodini inaua leo, lakini haiachi ulinzi kwenye jino. Mimi naiona ni ya kusaidizana, floraidi ndio inashika kazi kubwa. Ukiambiwa iodini pekee yake inatosha, uliza vizuri.

MamaWawili
Kwahiyo si ninunue tu Betadine famasi nimpake wangu nyumbani? Elfu kadhaa tu mbona na pamba ninayo

TabibuGego
Dada usifanye hivyo tafadhali. Klinikini meno yanasafishwa kwanza yanakaushwa, inapakwa kidogo sana kwa kijiti cha pamba, mate yanafyonzwa na inayobaki inafutwa. Nyumbani mtoto analia, unammiminia, anameza. Tena famasi kuna ya vidonda, kuna ya kunawia kabla ya upasuaji ambayo ina sabuni, kuna ya kusukutua, chupa zinafanana. Na mwenye mzio wa iodini au tatizo la tezi ya shingo hapakwi, hilo BabaNeema umwambie daktari kabla hata hajafungua chupa. Kwa kiasi kile cha klinikini kwa mtoto asiye na hayo, kumeza kidogo sio janga, anakunja sura tu maana ladha ni mbaya.

Na hako katundu kadogo, ulizia dawa ya kupaka yenye madini ya fedha (silver) na floraidi, inaua wadudu na inaimarisha jino bila kuchimba wala ganzi. WHO wameiweka kwenye orodha ya dawa muhimu 2021. Ubaya wake palipooza panakuwa peusi moja kwa moja, kwa gego la nyuma mimi naona hakuna shida kabisa. Ule weupe kama chokaa bado haujawa tundu, ukipata floraidi na usafi jino linaweza kujirudi, msiuchelewe tu.

Usa_River_Boy
Hapo kwenye floraidi nimuongezee BabaNeema. Mimi wa huku kata ya Maji ya Chai, Arumeru, meno yangu mwenyewe ya kahawia kwahiyo naongea ninachokijua. Madoa haya yanatokana na kunywa na kupikia maji yale kila siku ukiwa mtoto, wakati meno ya ukubwani yanajitengeneza ndani ya taya. WHO wanasema maji yasizidi miligramu 1.5 kwa lita, huku kwetu kuna visima vimepita hapo mbali sana. Vanishi inapakwa mara chache kwa mwaka na inaganda kwenye jino, sio sawa na kunywa jagi zima kila siku. Tena meno ya kahawia nayo yanaoza vilevile, msidanganyike.

Kama unataka kupunguza, angalia maji ya kunywa na ya uji. Na usichemshe ukidhani inatoka, kuchemsha kunafanya izidi kukolea maana maji yanapungua yenyewe inabaki. Kuna chujio za mkaa wa mifupa ya ng'ombe, pale kituo cha utafiti cha Ngurdoto ndio wamezifanyia kazi muda mrefu. Na magadi kwenye makande mpunguze, nayo ina floraidi.

TabibuGego
Umemaliza kaka. BabaNeema mwambie daktari maji mnayotumia mnayatoa wapi, ni taarifa ya muhimu. Na usiku anakunywa nini?

BabaNeema
Hapo ndipo penyewe. Analala na chupa, maziwa mama yake anaweka sukari kidogo. Na bibi yake akija humtafunia nyama kwanza ndio anampa. Dawa ya mswaki tunampa ya watoto yenye ladha ya stroberi, nimeangalia tyubu imeandikwa floraidi 500.

TabibuGego
Chupa ya kitandani ibaki na maji tupu, mtagombana siku za mwanzo atazoea. Bibi asimtafunie, mate yake yanamletea mtoto wadudu wapya, mwambieni kwa adabu asijione analaumiwa, na yeye pia apate mtu wa kumuangalia meno. 500 ni ndogo kwa mtoto ambaye tayari anaoza, tafuta iliyoandikwa 1000 au zaidi, kiasi cha punje ya njegere kwa umri wake, mumpigishe mswaki nyie wenyewe asubuhi na kabla ya kulala, ateme bila kusukutua. Kwa mwenye maji ya huko kwenu akiwa bado anameza sana weka kama punje ya mchele kwanza.

MamaWawili
Wangu ana mwaka na miezi minne ana meno nane, naanza na hiyo ya punje ya mchele au bado mdogo?

TabibuGego
Anza leo. Jino la kwanza likishatoka tu ulitakiwa umeanza.