Huzuni ni Kiswahili au Kiarabu? Mi nasema neno ni letu

Wadau, kuna hoja naiona kila mara na leo nimeshindwa kunyamaza. Watu wanasema eti "huzuni" ni Kiarabu kwa hiyo tuliache, tubaki na simanzi na majonzi ambayo ndo Kiswahili chenyewe. Sikubali hata kidogo.

Asili siikatai. Ni huzn ya Kiarabu, na wanaosoma Kurani wanamjua Nabii Yakubu aliyemlilia Yusuf mpaka macho yakawa meupe kwa huzuni, na ule mwaka Mtume aliofiwa na mkewe Khadija na ami yake Abu Talib, kama 619 hivi, mpaka leo unaitwa Mwaka wa Huzuni. Waturuki nao wanalo, wanasema hüzün, na ni la kwao kabisa.

Sasa tazameni sisi tulilifanya nini. Ile "zn" ulimi wetu haukuitaka, tukatia u katikati na i mwishoni. Halafu tukalinyambua, huzunika, huzunisha, huzunishwa, na hizo -ka na -sha ni Kibantu kitupu, yaani mwambie Mwarabu "umenihuzunisha" uone kama atakuelewa. Na hayo majonzi na simanzi mnayoyatetea hayana kitenzi! Lazima uzunguke useme imenitia majonzi, nimejawa na simanzi. Utaniambia kuna sikitika, sawa, lakini mtu anasikitika hata kwa kuchelewa tu kikao, kuhuzunika kunaingia ndani zaidi. Kusonona ndo kabisa, hayo ni maumivu ya moyoni yasiyoonekana, na siku hizi sonona limeshakuwa jina la ugonjwa, ukilitumia ovyo watu watadhani unahitaji daktari.

Na kama shida ni Uarabu mbona hakuna anayeigusa "hamu"? Kwa Kiarabu hamm ni wasiwasi, dhiki ya moyo, na washairi wetu wa zamani waliimba hamu na ghamu wakimaanisha majonzi hasa. Leo ukimwambia mtu nina hamu na wewe anatabasamu. Neno limetoka kwenye kilio likaishia kwenye mapenzi, na safari hiyo limeisafiri ndani ya Kiswahili, midomoni mwetu wenyewe.

Anayepinga aje na neno moja la Kibantu ambalo nitaweza kulisema kama nomino na kama kitenzi, lenye uzito uleule wa huzuni. Nasubiri.