Tumechoka kuuziwa miwani ya wasioona ambayo kampuni inaweza kuizima ipendapo

Wanajamvi, naandika uzi huu nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha. Mimi ni mtu asiyeona, na miwani yenye kamera niliyoinunua ili inisomee maandishi sasa imebaki fremu tupu, kwa sababu kampuni iliyoniuzia imefunga seva zake, yaani kompyuta zake za mbali ambazo miwani ilizitegemea. Miwani yenyewe ni nzima. Betri inashika chaji, na spika ndogo iliyo karibu na sikio bado inatoa mlio kila ninapogusa pembeni. Lakini nikiielekeza kwenye karatasi, inatangaza kwamba imeshindwa kuunganishwa na huduma, kisha inanyamaza. Barua pepe ya kutuaga ilijaa shukrani, na kuhusu fedha zetu haikusema lolote.

Kwa wasiovijua vifaa hivi, miwani ya aina hii hupiga picha, ikaituma kwenye kompyuta za kampuni kupitia intaneti, programu iliyoko huko ikatambua kilichomo, na jibu likarudi kama sauti. Nakubali kwamba zipo kazi zinazohitaji kompyuta kubwa, kama vile kueleza mandhari nzima iliyo mbele yangu. Kusoma maandishi yaliyochapwa si mojawapo, kwani hata simu janja za kawaida zinaifanya kazi hiyo bila intaneti, na OrCam MyEye, kifaa kidogo kinachobandikwa kwenye mkono wa miwani, kimekuwa kikisoma bila intaneti kwa miaka. Kwa hiyo aliyeamua kwamba hata lebo ya dawa isisomeke mpaka seva yake ikubali hakulazimishwa na ufundi. Alitaka tuendelee kumtegemea, na kulipa ada kila mwezi.

Msidhani haya ni ya kwangu peke yangu. Kampuni ya Second Sight ya Marekani ilitengeneza Argus II, kipandikizi chenye elektrodi 60 (ncha ndogo za kupitisha umeme) kilichowekwa kwenye retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, na kupokea ishara kutoka kwenye kamera iliyo katika miwani, kupitia kichakataji, yaani kompyuta ndogo ambayo mtumiaji huivaa mwilini. Mamlaka ya dawa ya nchi hiyo iliidhinisha kifaa hicho mwaka 2013, na bei yake ilikuwa takriban dola 150,000. Mwaka 2019 kampuni iliacha kukitengeneza, mwaka uliofuata ikapunguza wafanyakazi wake wengi, na watu zaidi ya 300 duniani wakabaki na chuma ndani ya jicho ambacho hakuna fundi wa kukihudumia kichakataji kikiharibika. Mimi angalau naweza kuivua miwani yangu na kuitupa kabatini.

Wala wasituambie kwamba biashara ikifa hakuna la kufanya. Microsoft ilipoamua kuachana na Soundscape, programu iliyomwelekeza mtu asiyeona kwa sauti zinazosikika kama zinatoka upande kitu kilipo, mwaka 2023 iliuweka wazi msimbo wake, yaani maandishi ya kompyuta yanayoiunda programu, na watu wengine wakaiendeleza.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba dharau hii huanza mapema, tangu siku ya kufungua boksi. Ili kuiunganisha miwani na simu nilitakiwa kuielekeza kamera kwenye mraba wa msimbo uliokuwa ukionekana kwenye skrini, yaani nitafute kwa macho kitu ambacho nimenunua miwani kwa kukosa macho ya kukitafutia. Ukurasa wa malalamiko nao ulinitaka nithibitishe kwamba mimi si roboti kwa kuchagua picha. Sauti ya miwani nayo ilisoma Kiswahili kwa matamshi ya Kiingereza, hata nikalazimika kurudia sentensi moja mara kadhaa ili nijue barua inasema nini.

Na tafadhali, asije mtu hapa kunishauri nirudi kwenye fimbo nyeupe. Sijawahi kuiacha. Fimbo hunionyesha shimo, ngazi na ukingo wa njia, lakini haiwezi kunionya kuhusu tawi lililoning'inia usawa wa paji la uso au dirisha lililofunguliwa kwa nje. Hapo ndipo kifaa cha kuvaa chenye kihisi cha mawimbi ya sauti kingetufaa kweli, na kihisi cha namna hiyo hakihitaji seva ya mtu yeyote. Badala yake matangazo yanatuonyesha miwani inayotambua sura ya rafiki, kana kwamba rafiki hana mdomo wa kunisalimia.

Ninachodai ni hiki: muuzaji aandike kwenye boksi, na si katika masharti ya kurasa chungu nzima, ni kazi zipi zitaendelea bila intaneti na huduma itadumu hadi mwaka gani, na akifunga kabla ya hapo, arudishe fedha au aache msimbo wazi ili mafundi wengine waendelee. Mwenye kifaa kinachosoma Kiswahili bila intaneti, naomba ataje hapa aina yake, ameanza kukitumia lini, na kama aliwahi kupata jibu alipoomba matengenezo. Wauzaji mnaoninyemelea kwa ujumbe wa faragha, jibuni hapa hadharani.