Tupeane uzoefu: kuujenga ukaribu na mtoto mwenye mahitaji maalumu

Wazazi na walezi wenzangu, naomba tusimuliane jinsi ukaribu wetu na watoto hawa ulivyowasaidia kukua, au pale tulipokwama. Naanza mimi.

Mwanangu ana usonji. Alipokuwa na miaka 3 hakusema neno, na kutwa alizungusha kifuniko cha sufuria, akiinama hadi shavu likagusa sakafu. Kwa miezi mingi nilimnyang'anya kifuniko, nikamwekea picha za wanyama na kumshika kidevu ili atazame na kutamka, tukaishia kulia sote wawili. Mtaalamu wa lugha ndiye aliyeniomba niache kufundisha kwa muda, niketi sakafuni na kukifuata kile anachokipenda. Alinieleza kwamba njia hiyo iliasisiwa Marekani na daktari wa akili za watoto, Stanley Greenspan, pamoja na mwanasaikolojia Serena Wieder, nao walishikilia kwamba uhusiano wenye furaha ndio unaomvuta mtoto kuwasiliana.

Siku ya kwanza nilizungusha kifuniko changu kando ya chake, akanihama. Wiki ya tatu niliweka kiganja taratibu juu ya kifuniko chake kilipokuwa kikizunguka, nikasubiri. Akautazama mkono, akausukuma. Nikasema, "Haya, kizunguke!" nikauondoa. Akakizungusha tena, kisha akaniangalia usoni, akingoja mkono urudi. Greenspan aliyaita mabadilishano ya namna hiyo mizunguko ya mawasiliano: mmoja huufungua, mwenzake akijibu huufunga. Zamani ule msukumo ningeuita ukaidi. Siku hiyo nilijua kuwa nimejibiwa. Neno lake la kwanza, "tena", lilikuja miezi saba baadaye, kwa kifuniko kile kile. Usonji haukuondoka, na mtaalamu bado tunamwona.

*Mama wa binti mwenye mtindio wa ubongo:*
Ahsante kwa kufungua mjadala huu. Kwetu kikwazo kilikuwa haraka yangu. Binti yangu huchelewa kujibu kwa sababu mwili wake huchukua muda kutii anachokitaka, nami nilikuwa nikiuliza, nikijijibu na kuendelea. Siku hizi nahakikisha kwanza ameketi vizuri, kiuno na kichwa vimeegemezwa, namwonyesha nguo mbili, kisha nahesabu kimoyomoyo hadi 10. Mara nyingi macho yake huinuka kuelekea anayoitaka nikifika 7 au 8. Kumbe miaka yote hiyo alikuwa akichagua nami nimeshageuka.

*Baba wa mvulana wa miaka 5:*
Mimi nilisaidiwa na video. Mtaalamu wetu aliturekodi tukicheza, tukatazama pamoja, nikashtuka kuona mtoto akininyooshea gari mara tatu huku mimi nikimuuliza ni la rangi gani. Uingereza njia ya kumwongoza mzazi kwa video ilijaribiwa kwa watoto 152 wenye usonji, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2010: wazazi walizidi kuitikia ishara za watoto, na watoto wakaanzisha mawasiliano zaidi, ingawa dalili za usonji zenyewe hazikupungua sana wakati huo. Nayataja ili mzazi asiuziwe ahadi ya uponyaji, maana mimi niliuziwa, na akiba yetu ikaisha.

*Mlezi wa mjukuu:*
Naomba niseme ukweli, njia hii ya kuketi sakafuni na kumfuata mtoto inachosha. Tulishauriwa vipindi vya dakika 20, mara kadhaa kwa siku, nami magoti hayaniruhusu kukaa chini.

*Mwanzisha mada:*
Pole sana, bibi. Hata mimi nilishindwa na ratiba hiyo, nikahamishia mchezo kwenye kuoga na kuvaa. Namvalisha shati, nasimama kabla ya kichwa kutokeza, na ananisubiri niseme "yuko wapi?" Ukiwa umeketi kitini kwako, yeye hupenda kufanya nini akiwa karibu nawe?