Mjadala: Kunyoosha mkono au kura ya siri, uamuzi wa kweli ni upi?

Kibatari: Mkutano ukiamua jambo, tunyooshe mikono. Usichoweza kukisimamia hadharani si uamuzi wako. Kule Uswisi, Glarus na Appenzell Innerrhoden, wananchi mpaka leo wanakusanyika uwanjani na kupiga kura kwa mikono.

Nanga: Punguza dharau. Mfanyakazi akinyoosha mkono bosi akimtazama, huo ndio uamuzi wake? Uingereza wenye ardhi walikuwa wakiwafukuza wapangaji waliopiga kura kinyume nao. Ndipo wakawa wa kwanza kuleta kura ya siri.

Mchokonozi: Wa kwanza wapi? Victoria na South Australia, huko Australia, walianza 1856. Uingereza ni 1872.

Kibatari: Dharau gani? Unachokieleza ni woga, na woga hautibiwi kwa kujificha.

Nanga: Hata bosi asipokuwepo watu wanayumba. Mwanasaikolojia Solomon Asch, miaka ya 1950, aliwauliza watu mstari upi unalingana na wa mfano. Wenzao waliopangwa walitaja mstari usio sahihi kwa makusudi, na karibu theluthi ya majibu yakafuata kundi. Alipowekwa mmoja wa kusema ukweli, kufuata mkumbo kukaporomoka.

Mchokonozi: Basi umemsaidia Kibatari! Mkono mmoja unaoonekana unawapa wengine nguvu.

Bawaba: Mnabishania siri ambayo mara nyingi haipo. Karatasi ziwe za ukubwa mmoja, kalamu za rangi moja, sanduku lioneshwe tupu na likae mbali na mwenyekiti. Majina yachapwe, mtu aweke vema tu. Akiandika jina, mwandiko unamuumbua. Na mkiwa watano, matokeo yakawa tano kwa bila, siri imekwisha. Mwenyekiti naye atoe maoni mwisho. Akianza yeye, karatasi zitarudia maneno yake.

Kibatari: Na anayerudisha karatasi tupu? Huyo naye kaamua?

Nanga: Kaamua, tena sana. India tangu 2013 kuna kitufe cha kuwakataa wagombea wote.

Kibatari: Na kikiongoza, mgombea anayefuata anachukua kiti. Kimesaidia nini?

Nanga: Kinamtofautisha aliyekataa na aliyebaki nyumbani kwa uvivu.

Bawaba: Basi andikeni kanuni kabla ya kura: karatasi tupu zikizidi kura za mshindi, uchaguzi unarudiwa. Mkingoja mpaka baada ya kuhesabu, kila upande utaivutia kwake.

Kibatari: Kanuni hiyo ipitishwe kwa mikono.