Gati na viwanda vya zamani kugeuzwa mtaa wa kuishi, kazi inaanzia wapi?

mwanamipango
Wakuu habari. Nasoma mipango miji, nimepewa kazi ya kuandika kuhusu haya maeneo ya viwanda yaliyokufa kando ya maji, maghala matupu na vyuma vya kutu, yanavyogeuzwa mitaa isiyochafua mazingira. Kila nikisoma nakutana na picha za maghorofa, miti na baiskeli tu. Kazi yenyewe inaanzia wapi? Na hizo ahadi zinatimia kweli au ni maneno ya kuuzia nyumba?

fundi udongo
Inaanzia chini ya miguu yako mkuu. Kiwanda kikiondoka kinaacha oili, madini ya risasi, lami na madawa ya kila aina ardhini, unachimba udongo na kupeleka mbali, au unausafisha, au unafunika kwa udongo safi, inategemea hapo juu unaweka nini maana parking na uwanja wa watoto si kitu kimoja. Hela nyingi inaishia huko na haipigwi picha.

Bi Ramani
Soma Hammarby Sjöstad, mtaa uliojengwa kwenye eneo la zamani la viwanda na bandari kule Stockholm, Sweden. Mpango wake ulisukumwa na jiji kuomba Olimpiki ya 2004, mwaka 1997 Athens wakachukua, jiji likajenga hivyo hivyo. Sehemu kubwa ya ardhi ilikuwa ya jiji, kwa hiyo mjenzi alipewa masharti kabla ya kugusa tofali, hapo ndo siri yote ilipo kwa maoni yangu. Taka unatumbukiza kwenye mdomo wa bomba uani, zinavutwa kwa hewa chini ya ardhi mpaka kituoni, lori la taka halizunguki kila mlango. Majitaka yanatoa gesi ya kupikia kwa baadhi ya nyumba na joto lake linarudi kupasha majumba. Tramu nayo ilifika mapema, watu hawakuzoea gari kwanza.

Mzee wa Hesabu
Dada umesema vizuri ila malizia. Lengo la nishati pale lilikuwa kilowati-saa 60 kwa mita ya mraba kwa mwaka na majengo mengi yalitumia zaidi ya hapo kwa mbali. Malmö pia, mji mwingine wa Sweden, kule Bo01, mtaa wa maonyesho ya nyumba ya 2001 kwenye eneo la zamani la kuunda meli, nyumba kadhaa zilikula umeme na joto kuliko ilivyokadiriwa. Sababu mojawapo ni madirisha makubwa ya kutazama maji, mteja anataka view, joto linapotelea kwenye kioo.

mwanamipango
Asanteni sana aisee. Na maji yakijaa je?

Bi Ramani
HafenCity, mtaa kwenye bandari ya zamani ya Hamburg, Ujerumani, hawakuzungusha ukuta, walinyanyua majengo na barabara kwenye vilima vya kutengeneza, mita 8 hivi na zaidi juu ya usawa wa bahari, njia za kutembea ukingoni zikaachwa chini zilowe. Ghorofa ya chini kabisa ni gereji zenye milango ya kuzuia maji. Ila kwenye kazi yako usisahau kuuliza nani anamudu kodi ya nyumba huko, hilo wengi wanalirukaga.

Mzee wa Hesabu
Na omba takwimu za matumizi baada ya watu kuhamia, sio zile za kwenye mchoro.