Mjadala: Je, seftriaksoni itolewe kwa kibali tu katika hospitali zetu?

Mfamasia wa hospitali ya rufaa

Wadau, hoja yangu ni hii: seftriaksoni, antibayotiki ya sindano, isitoke famasi ya hospitali mpaka aliyeiandika ajaze fomu fupi. Ataje ugonjwa anaoushuku, kama sampuli ya kuotesha imechukuliwa, dozi na saa zake, na siku ya kuipitia upya. Zikitimia saa 72, famasi isitoe kichupa kingine bila uamuzi wa maandishi: iendelee, ibadilishwe, mgonjwa ahamie vidonge, au isimamishwe.

Dawa hii imekuwa jibu la kila homa wodini. Nimonia, UTI, kidonda kilichooza, mama aliyetoka upasuaji, wote wanapewa gramu 1 au 2 kwa siku. Tangu 2017 WHO imezigawa antibayotiki katika makundi matatu: za kuanzia, za kutumiwa kwa uangalifu, na za akiba. Seftriaksoni iko kundi la pili. Septemba 2024 nchi za Umoja wa Mataifa zilikubaliana kwamba ifikapo 2030 angalau asilimia 70 ya antibayotiki wanazotumia binadamu duniani ziwe za kundi la kwanza. Kwa mabango ya UVIDA (usugu wa vimelea dhidi ya dawa) ukutani hatufiki.

Kinachotokea mwilini kinajulikana. Sehemu ya seftriaksoni hutoka kwa njia ya nyongo na kuingia utumboni. Humo inawaua bakteria wanaoisikia na kuwaachia nafasi wenye vimeng'enya vya ESBL, ambavyo huikata dawa kabla haijafanya kazi. Jeni za vimeng'enya hivyo hukaa kwenye plasmidi, vipande vidogo vya DNA ambavyo bakteria mmoja humpa mwenzake, na mara nyingi plasmidi hiyo hiyo imebeba usugu dhidi ya gentamisini na kotrimoksazoli. Unatumia dawa moja hovyo, unapoteza tatu. Takwimu za hospitali ya Bugando, Mwanza, zilizochapishwa 2009 zilionyesha ESBL katika asilimia 64 ya bakteria aina ya Klebsiella pneumoniae waliopimwa. Blantyre, Malawi, Klebsiella wa kwenye damu wenye usugu huo walipanda kutoka asilimia 11.8 mwaka 2003 hadi 90.5 mwaka 2016.

Daktari wa watoto

Napinga, na usugu unanikera kama unavyokukera wewe. Utafiti wa hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, uliochapishwa 2007 ulikuta kwamba watoto waliokuwa na bakteria wa Gram hasi (kundi la akina Klebsiella) kwenye damu walifariki kwa asilimia 43.5, zaidi ya maradufu ya waliokuwa na malaria (20.2). Kupewa dawa ambayo bakteria ni sugu kwayo kulichangia vifo hivyo. Kwangu maana yake ni kwamba dozi ya kwanza iwe sahihi na iwahi. Mwongozo wa kimataifa wa sepsisi, yaani maambukizi yanayoharibu viungo vya mwili, wa 2021 unatoa saa 1 kwa mgonjwa mwenye mshtuko (shinikizo la damu limeporomoka), na hadi saa 3 kwa anayeshukiwa tu bila mshtuko. Mtoto wa miaka miwili mwenye homa, shingo ngumu na degedege anatakiwa apate miligramu 100 kwa kilo muda huo huo. Saa nane usiku mfamasia yuko nyumbani na fomu zimefungiwa kabatini.

Kuna la pili. Ukiibana seftriaksoni, daktari harudi kwenye ampisilini, antibayotiki ya kundi la kwanza, kwa sababu Klebsiella kwa asili yake haisikii ampisilini. Atarukia meropenemu, antibayotiki yenye nguvu zaidi. Na tayari bakteria wenye NDM-1, kimeng'enya kinachovunja hata meropenemu, walipatikana Nairobi katika sampuli za 2007 hadi 2009. Mfamasia, hilo unalizuiaje?

Muuguzi wa wodi

Nyinyi mnabishania fomu, sisi tunahesabu mikono. Seftriaksoni ni mara moja kwa siku. Mkituambia turudi kwenye ampisilini ya mshipa, hiyo ni kila saa 6. Wodi yenye wagonjwa 30 wa sindano inatoka dozi 30 kwenda 120, kabla hujaongeza gentamisini. Kila dozi ina kuyeyusha unga, kuvuta, kuandika lebo, kusugua mdomo wa kanula kwa spiriti ya asilimia 70 kwa sekunde 15 na kuacha ukauke, kusukuma taratibu, kusafisha kanula kwa salaini, kusaini chati. Wauguzi wawili wa zamu ya usiku hawamalizi. Itakayorukwa ni ile ya saa nane, na ampisilini hupungua nusu mwilini kwa takriban saa 1 tu, kwa hiyo mgonjwa anakaa saa nyingi bila kinga huku bakteria wakiendelea kuzaliana.

Halafu kila unapofungua kanula unawafungulia bakteria njia ya kuingia kwenye damu. Hesabuni na hilo.

Hata hiyo seftriaksoni yenyewe inakosewa sana. Inayeyushwa au kupitishwa pamoja na Ringer's lactate, maji ya dripu yenye kalsiamu, na kalsiamu hiyo inaganda nayo na kutengeneza chembe. Mtoto wa chini ya siku 28 anayepata maji yenye kalsiamu hapaswi kuipewa kabisa. Na kichupa cha gramu 1 hugawiwa watoto kadhaa, kinachobaki kinawekwa dirishani mpaka kesho yake. Fomu haigusi hata moja ya hayo.

Maabara, kitengo cha bakteria

Naunga mkono kibali, ila kipengele cha sampuli kama kilivyo kitaleta tiki ya uongo. Nieleze kwa nini chupa nyingi za damu zinarudi na jibu la "hakuna kilichoota". Kubwa kuliko yote, damu inachukuliwa baada ya dozi ya kwanza. La pili ni ujazo: chupa ya mtu mzima inataka mL 8 hadi 10, inaletwa na mL 2 au 3. Bakteria kwenye damu ya mtu mzima huwa wachache mno, mara nyingi chini ya mmoja kwa kila mL, kwa hiyo kupunguza damu ni kupunguza majibu.

Utaratibu ni huu. Safisha ngozi kwa klorheksidini ya asilimia 2 iliyo kwenye alkoholi ya asilimia 70, sekunde 30, uache ikauke yenyewe. Usiguse tena mshipa kwa kidole baada ya hapo. Toa kifuniko cha chupa, sugua mpira wake kwa alkoholi. Chukua seti mbili kutoka sehemu mbili za mwili. Mtoto mdogo, mL 1 hadi 3 kulingana na uzito. Usivute kwenye kanula ya zamani. Andika saa. Chupa ifike kwetu ndani ya saa 2, na isiwekwe kwenye friji hata kidogo, kwani baridi inawadumaza bakteria dhaifu. Sisi tunaiatamisha kwenye nyuzi 35 hadi 37 kwa siku 5. Ikionyesha ukuaji, matokeo ya Gram (rangi ya kutambua kundi la bakteria kwa hadubini) yapigiwe simu wodini siku hiyo hiyo. Majina na usikivu wa dawa vinahitaji siku nyingine 1 hadi 2.

Na fomu iwe na swali la saa ya damu na saa ya dozi. Tiki haina maana, saa mbili zilizoandikwa zinasema ukweli.

Afisa wa udhibiti wa maambukizi

Wote mnazungumza kana kwamba kila mgonjwa anatengeneza usugu wake kitandani kwake. Katika wodi ya watoto wachanga, Klebsiella anatembea kwa mikono, kwa dripu inayochanganywa pamoja, kwa mashine ya kufyonza makamasi, kwa sinki linalorusha maji juu ya meza ya dawa. Unaweza kuifungia seftriaksoni yote na bado njiti kumi wakapata bakteria yule yule ndani ya wiki moja.

Kitakasa mikono kinatengenezwa hapo hapo famasi. Kwa lita 10: ethanoli ya asilimia 96 mL 8,333, haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 mL 417, gliserini ya asilimia 98 mL 145, malizia kwa maji yaliyochemshwa yakapoa. Kikae saa 72 kabla ya kutumika ili mbegu za bakteria zilizobaki zife. Kiwekwe kwenye kila kitanda, kisikae mlangoni tu. Kabla ya kubishana kuhusu kufuli, nionyesheni hospitali ambayo chupa hizo hazikauki.

Mfamasia wa hospitali ya rufaa

Nimewasikia, na narekebisha hoja. Dozi ya kwanza iwe huru: kila wodi na idara ya dharura iwe na akiba yake ya saa 24, itumike bila kuniuliza. Kibali kianze kwenye dozi ya pili. Kuhusu meropenemu, nayo iingie kwenye kibali hicho hicho, la sivyo Daktari ana haki.

Lakini tuanzie mahali ambapo sababu za tiba hazipo kabisa, yaani baada ya upasuaji. Mwongozo wa WHO wa 2016 hautaki antibayotiki za kinga ziendelezwe mara mgonjwa akishafungwa kidonda. Kwa upasuaji wa kujifungua inatosha antibayotiki ya sefazolini gramu 2 mara moja, ndani ya dakika 60 kabla ya kukata ngozi, irudiwe tu upasuaji ukizidi saa 4 au damu ikimwagika zaidi ya lita 1.5. Sisi tunampa mama seftriaksoni na metronidazoli siku tatu hadi tano. Muuguzi, hizo ndizo dozi za kukupunguzia mzigo. Hapa nakuondolea kazi, sikuongezei.

Daktari wa uzazi

Kwa mama aliyepangiwa tarehe, ambaye chupa ya uzazi haijapasuka, nakubali hata leo. Ila mwandike wazi nani hayumo: aliyefika na homa, maji yenye harufu, au chupa iliyopasuka muda mrefu na dalili za maambukizi. Huyo anatibiwa, hakingwi, na dozi moja inaweza kumuua. Na sefazolini iwepo. Ikikosekana bohari wiki mbili, watu wanarudi kwenye seftriaksoni na hawatoki tena. Ampisilini gramu 2 kabla ya kukata iandikwe kama mbadala.

Daktari wa watoto

Kwa upasuaji sina pingamizi. Kwa wodi yangu nina sharti: kila mwezi zitangazwe gramu za seftriaksoni na za meropenemu kwa siku 1,000 za wagonjwa waliolazwa, kwenye karatasi moja, pamoja na vifo. Meropenemu ikipanda kwa miezi mitatu mfululizo, kibali kisitishwe mpaka tujue kwa nini.

Mfamasia wa hospitali ya rufaa

Sharti nalipokea. Saa 72 nabaki nazo.

Daktari wa watoto

Zibaki kama saa za kunipigia simu, zisiwe za kufunga dirisha. Mtoto wa meninjitisi ikifika saa ya 72 bado ana siku kadhaa za sindano mbele yake, na jibu la maabara huenda halijatoka.